Makamishna wa Soko na Jiko Langu

Sokoni kwetu Tunduma tulitawaliwa na watu watano walioitwa makamishna, na mpaka leo nikilisikia neno hilo damu inanichemka.

Wazo lililetwa na wakala mmoja wa forodha aliyekuwa pia na kibanda cha vifaa vya simu pale sokoni. Alitueleza kwamba ng'ambo iko miji iliyowahi kuongozwa hivyo: watu wachache wanatunga sheria pamoja, kisha kila mmoja anashika idara yake na kuzitekeleza mwenyewe. Hakuna mkubwa juu yao, kwa hiyo hakuna kuzungushana. Tukapiga makofi kama wajinga. Mmoja akapewa maji, mwingine ulinzi, mwingine vibanda, mwingine hesabu. Yeye mwenyewe akachukua usafi.

Mimi nilikuwa mama lishe. Jiko langu lilikuwa kwenye kona inayotazama barabara ya malori, na kona ile ndiyo iliyonilelea wanangu baba yao alipofariki. Madereva wa Zambia waliniita mayo, yaani mama, wakala ugali wangu kabla ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde. Makamishna nao walikuwa wateja. Kila Jumatatu walifanya kikao chini ya turubai langu, wakala wali na maharage, wakajisifu, wakaondoka.

Nikaenda Mbozi kumzika mjomba. Niliporudi nikakuta kizimba cha taka kimejengwa ubavuni mwa jiko langu. Nyanya zilizooza, matumbo ya samaki, nepi za watoto, vyote vinamwagwa pale. Madereva walikuwa wakisimama, wananusa, wanaendelea na safari.

Nikamfuata kamishna wa maji, akasema taka si zake. Wa ulinzi akaniambia hawezi kumgusa mwenzake, maana naye hapendi kuguswa. Wa vibanda, mwanamke mwenzangu tunayesali kanisa moja, akanipa ukweli bila hata aibu: ukipinga idara ya mwenzio leo, kesho atapinga yako. Akanishauri nipeleke malalamiko kwenye kamati nzima. Nikapeleka. Aliyepewa kuyachunguza alikuwa kamishna wa usafi, kwa sababu yalihusu usafi. Alijichunguza, akajikuta hana kosa.

Basi Jumatatu iliyofuata nikaivuta meza yao mpaka kando ya kizimba. Nikatandika kitambaa safi, nikapakua wali wa moto. Walipofika, nzi walikuwa wameshatua kwenye maharage. Kamishna wa usafi akaziba pua.

"Mama, hapa mtu atakulaje?"

"Hapa ndipo wanapokula wateja wangu," nikamjibu. "Kaeni."

Hakukaa hata mmoja. Walisogea pembeni wakaanza kunong'ona, na kwa mara ya kwanza tangu tuwachague nikawaona wanajadili taka wote kwa pamoja. Nilidhani nimewaweza. Wakanyoosha mikono, wote watano, bila mmoja kupinga, kisha yule wa vibanda akaja kunieleza walichopitisha. Walikuwa wameamua kuhamisha kikao. Wiki ile ile wakaanza kula kwa mama mwingine upande wa pili wa soko, na kizimba hakikusogea hata kidogo.

Nilivumilia mpaka mvua zilipoanza na maji machafu yakaingia kwenye mafiga. Nikabeba sufuria zangu nikahamia mtaa wa Chapwa, kwenye kichochoro ambacho lori haliwezi hata kugeuka. Wanangu wakubwa wameacha shule, mmoja anabeba mizigo mpakani. Nawachukia watu wale, na sijaona sababu ya kuacha.

Juzi yule wakala wa forodha, kamishna wa usafi, alipita mtaani kwetu, akavuta kiti, akaniamkia kwa adabu kana kwamba hatujuani, akauliza kama kuna maharage. Yalikuwepo sufuria nzima, maana wateja siku hizi ni wa kuhesabu. Nikafunika, nikamwambia yameisha.