Vidonge vya Mize

"Mize mwenzangu, hebu nionyeshe kwa kidole. Unaumwa wapi hasa?"

Swali hilo aliulizwa na Praxeda, jirani yake wa ukuta mmoja pale Chumbageni, mwaka ule wa foleni za sabuni, Mize alipoacha kuuza vitumbua. Mize akainua kidole. Akakipeleka kichwani, akakishusha kifuani, kisha akakirudisha mapajani. Hakikupata pa kutua. Usiku halali. Moyo unamwenda mbio kama aliyekurupushwa, naye amekaa tu. Mchele anaoloweka jioni unachacha kwenye beseni, maana asubuhi hana nguvu ya kuutwanga. Kulia analia, bila kujua analilia nini.

"Basi huumwi," Praxeda akasema, wala si kwa ubaya. "Umechoka na foleni kama sisi wote."

Mume wa Mize, Hilal, mpakia mizigo bandarini, akampeleka kwa Mwalimu Shaame wa chuo cha Kurani. Huko akaandikiwa kombe, aya za Mwenyezi Mungu kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, akanywa siku saba. Kombe Mize hakulidharau hata siku moja. Roho ilitulia, hasa Mwalimu alipomsomea kwa ile sauti yake ya pole. Ila usingizi haukuja. Wifi yake Tuhfa akaleta mganga wa mizizi, Mize akachanjwa na kukatazwa pweza. Praxeda naye akaja na maji ya baraka ya kanisani kwenye chupa ya soda.

"Usimwambie Hilal," akanong'ona.

Mize akacheka, mara ya kwanza mwezi ule. Akanawia uso.

Mwisho akaenda hospitali. Daktari aliyempokea, Rafaeli, hakutaka kuonyeshwa kwa kidole. Alimwuliza siku yake inakwendaje tangu anapoamka, akamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akampa vidonge vidogo, kimoja kila jioni.

"Wiki mbili za kwanza utaona mdomo mkavu tu. Vumilia. Na ukijiona umepona usiache, mpaka nikuambie mimi."

Ikawa hivyo hivyo. Wiki ya nne Mize aliamka alfajiri bila kuamshwa, akasali, akawasha jiko, na vitumbua vikaisha kabla ya saa mbili. Dawa zilipoadimika hospitali, Hilal alizunguka mji mzima kumtafutia. Watu binafsi waliporuhusiwa kufungua maduka ya dawa, ahueni ikapatikana.

Kumbe kupona kwenyewe ndiko kulikoleta balaa.

"Wifi, mtu mzima na afya yako unameza dawa za nini?" Tuhfa aliuliza siku moja, kitumbua mkononi. "Dawa za wendawazimu hizo. Watu watasema ndugu yangu kaoa kichaa."

"Daktari kanikataza kuacha, wifi."

"Daktari anakujua kuliko sisi?"

Kesho yake kikopo cha vidonge hakikuwepo juu ya kabati. Mize alipomtazama Hilal, Hilal alitazama mlango. Tuhfa, dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea, na kumpinga hakuweza. Haukupita mwezi, mchele ukachacha tena.

"Mmeona?" Tuhfa akasema. "Ni ruhani huyo, pepo wa kutoka Maskati. Vile vidonge vilimzibia njia, sasa kakasirika."

Mize akaomba vidonge vyake. Hilal akasema tumalize hili la ruhani kwanza. Akaomba tena, na Tuhfa akatikisa kichwa kwa huruma. "Si wewe unayesema hayo. Ni yeye, anaogopa kutolewa." Tangu siku hiyo kila alichosema Mize kikawa si chake. Akinyamaza, ni ruhani. Akilia, ni ruhani.

Jumamosi mchana wakampeleka Pongwe, kwa fundi wa ngoma za pepo. Akakalishwa kwenye kigoda, akafunikwa shuka jeupe, akafukizwa ubani. Ngoma zikalia, wanawake wakaimba. Chini ya shuka jasho lilimtiririka, naye akimwomba Mola amsamehe kwa kukaa pale. Mara ngoma zikanyamaza. Fundi, mama wa makamo, akapiga magoti mbele yake, kwa adabu ambayo Mize hajapata kufanyiwa na mtu.

"Karibu, mkubwa. Kiti chako hiki hapa. Tuambie, unataka nini? Chochote utakachotaja, jamaa hawa watakitimiza."

"Tutakitimiza," Hilal akaitikia. Tuhfa akaitikia kwa sauti zaidi. Halua na udi wa huyo ruhani alikwisha kuvinunua.

Miaka mitatu Mize ameulizwa anaumwa wapi. Anataka nini, hakuna aliyemwuliza, na leo swali limekuja, anayeulizwa ni ruhani. Angeweza kugeuza sauti, akajifanya ametoka Maskati, na vidonge vingeletwa kabla ya magharibi. Maneno yalikuwa yamefika ulimini. Lakini uongo ule angeusimamisha vipi mbele ya Mola wake kwenye sala?

Akalivuta shuka, akalishusha mabegani.

"Mimi ni Mize," akasema, kwa sauti yake ile ile ya kuuzia vitumbua. "Wifi, nirudishieni vidonge vyangu, na msinifiche tena."