Babu amemwambia daktari ni mzima

Babu amemwambia daktari kwamba ni mzima kabisa, na daktari akamwamini.

Tumetoka Sindeni hadi hospitalini Korogwe kwa sababu ya mkono wake wa kulia. Vidole viwili vya mwisho vimejikunja kiganjani, hata mpini wa jembe haumkai vizuri.

"Shikamoo babu. Unaendeleaje?"
"Marahaba. Mzima kabisa. Mkono tu umekaza kidogo."
"Unauma?"
"Hauumi."
"Basi ni uzee."

Mkono wenyewe kauficha chini ya koti! Mimi nilikuwa na karatasi mfukoni, nimeandika kila kitu tangu jana. Sikuitoa.

Babu akasimama, akampa daktari mkono wa kuaga. Daktari hakuuachia.

"Babu, hebu laza kiganja mezani."

Hakikulala. Daktari akapapasa kitu kigumu kama kamba chini ya ngozi.

"Hiki ndicho kinachovuta vidole. Itabidi uonane na daktari wa upasuaji. Mbona hukusema?"
"Uliuliza maumivu, mwanangu. Hukuuliza vidole."

Nilitamani kulia.

Kwenye gari la kurudi babu akanisifu: "Una adabu, mjukuu wangu. Hukuingilia maongezi ya wakubwa."

Karatasi bado ninayo mfukoni. Jamani, ninyi wazee wenu mnawasemeaje?