Kibao cha Swichi Kule Nduruma

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili mtu asije akasoma mpaka katikati akingoja nigeuke shujaa. Sikugeuka. Nilikuwa mwoga wakati nina nguvu za kupasua gogo peke yangu, na mpaka leo ni mwoga, ingawa sasa hakuna wa kunichapa.

Woga wangu ulikuwa na sababu zake. Kaka yangu alichapwa viboko ishirini na vitano, hamsa ishirini kama askari walivyozoea kusema, kwa kuwa punda aliyekuwa akimchunga aliingia kwenye kahawa ya mzungu. Alilala kifudifudi mwezi mzima, na kazi ya kumfukuzia inzi ilikuwa yangu. Niliyaona majeraha yale kwa karibu kila siku, asubuhi na jioni. Nikaapa kwamba mimi hayo hayatanipata, liwe liwalo. Nikaenda misheni kujifunza useremala, maana nilisikia mafundi hawachapwi sana. Wengine watakwambia walizipenda mbao tangu utotoni. Mimi niliupenda mgongo wangu.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Mjerumani na Mwingereza. Mzungu mmoja mwenye shamba huko juu ya Nduruma alileta mashine ya umeme iliyozungushwa na maji ya mfereji. Mlima mzima ulikuwa ukizungumzia taa isiyokunywa mafuta. Nilipozisikia habari zile nilisema heri yangu niko mbali nayo. Alhamisi moja nikaitwa.

Nilimkuta fundi wa nyaya, mtu wa Tanga, anahangaika sebuleni. Swichi za wakati ule zilikuwa za kuzungusha, za mviringo, na kila moja ilikaa juu ya kifuniko cha kauri kilichobanwa ukutani ili kuziba tundu la nyaya. Vifuniko vilitoka Ulaya, vikashushwa kwenye reli Moshi, vikaja kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kimoja kilifika vipande vipande, nacho ndicho kilichokuwa cha sebuleni. Mzungu alitaka badala yake kibao cha mti, cha mviringo, kilichopigwa randa vizuri.

Saizi alinieleza mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Kibao kipite ukingo wa tundu kwa nusu kidole kila upande. Kikipungua, tundu litaonekana na nyaya zitakuwa wazi. Kikizidi, kitakuwa kama sinia limetundikwa ukutani, na yeye hataki sinia ukutani kwake. Jumamosi wageni wake wanafika. Akaniuliza kama nimeelewa, huku anakiangalia kiboko kilichoning'inia nyuma ya mlango. Nilisema nimeelewa. Kusema kweli sikuwa nimesikia chochote baada ya kukiona kile kiboko.

Tundu lenyewe lilitobolewa na mwashi wa pale shambani, rika langu, tuliyetahiriwa naye msimu mmoja. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mizuri ya kazi. Ukuta ulikuwa wa mawe, lakini tundu lake lilikuwa duara safi hata nikamtania kwamba alilichora kwa kikombe cha mzungu. Alicheka, akarudi nje kumalizia ngazi za baraza.

Sasa nipime kwa nini? Ile mita ya kukunja ilikuwa mali ya misheni, hairuhusiwi kutoka karakana. Kwa kawaida nilitembea na uzi mfukoni, siku hiyo nimeusahau. Nikatoka hadi jikoni. Mpishi alikuwa amechinja mbuzi kwa ajili ya wageni, na ngozi ilikuwa bado imelowa, imetandazwa juu ya majani. Nikamwomba ukanda mwembamba, akanikatia. Niliupitisha katikati ya tundu toka ukingo hadi ukingo, nikautia alama mbili za kisu, nikaufunga kwenye kofia yangu nikaondoka. Jua lilikuwa kali njia nzima. Usiku nikautundika juu ya meko. Ijumaa asubuhi nikaufuata ule ukanda, nikaongeza nusu kidole kila upande, nikakata kibao cha mringaringa, nikakipiga randa mpaka kikateleza. Nilijisifu mwenyewe, maana hakuwapo wa kunisifu.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa sebuleni Nduruma. Nikakiweka kibao ukutani, na tundu likachungulia. Nikakisogeza kulia, likachungulia kushoto. Nikakishusha, likachungulia juu. Fundi wa Tanga alitazama, akaguna, akasema nyaya haziwezi kukaa hivyo, mtu akipitisha kidole pale atarushwa. Kisha akatoka kwenda kukagua mashine yake, na mimi nikabaki na lile tundu.

Nilitoa ukanda mfukoni nikaupima upya. Alama hazikufika kwenye kingo. Mara ya kwanza nilidhani mwashi ameliongeza tundu nilipoondoka, na nikafurahi. Halafu nikauhisi ule ukanda vidoleni. Ulikuwa mkavu, mgumu kama kijiti. Jamani, mimi ni mtoto wa wafugaji. Nimewamba ngozi nyuma ya nyumba yetu tangu sijaota meno. Najua ngozi mbichi ikikauka inavyojikunja na kujivuta. Mtoto wa miaka sita kwetu anajua. Tundu lilikuwa sawa kabisa. Kilichopungua kilikuwa kipimo changu.

Jasho jembamba lilinitoka. Nilimwona kaka yangu kifudifudi kwenye ngozi yake. Nikaanza kupiga hesabu za kukimbia: nitokee dirishani, nishuke mtoni, nifike Kikwe kwa mjomba kabla ya adhuhuri. Sikukimbia. Woga wa kweli haukukimbizi, unakugandisha pale pale. Nikasikia viatu vya mzungu kwenye baraza.

Aliingia, akatazama ukuta, akatazama kibao mkononi mwangu. Hakupaza sauti. Aliuliza tu ni kwa nini hakizibi.

Ningeweza kusema nimekosea. Maneno ni mawili matatu tu, na nilikuwa nayo mdomoni. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema:

"Tundu ni kubwa, bwana."

Nilisema hivyo tu, basi. Sikumtaja mtu. Nimejitetea kwa hilo miaka mingi sana, kwamba sikumtaja mtu, kana kwamba mzungu hakujua nani katoboa ukuta wake.

Mwashi aliitwa, akaja na udongo mikononi. Aliulizwa. Alilitazama tundu muda mrefu, akaja karibu akapitisha kiganja ukingoni, akanitazama mimi na kile kibao. Nadhani alikuwa akitafuta kosa lake. Akasema hajui, labda plasta imemeguka ilipokauka. Mzungu akasema labda si kazi. Akamwita mnyapara, akachukua kiboko nyuma ya mlango, wakatoka na rika langu hadi nyuma ya ghala la kahawa. Mimi niliambiwa nitengeneze kibao kingine pale pale barazani, kikubwa, kabla wageni hawajafika.

Basi nikakaa na kipande cha ubao mapajani. Mnyapara alikuwa akihesabu kwa sauti, ndivyo walivyotakiwa. Moja. Nilitakiwa kuchagua saizi. Mbili. Niliweka bikari juu ya ubao. Safari hii sikupima chochote. Kila namba iliyotajwa nilipanua bikari kidogo, nikiogopa kupungukiwa tena, nikiogopa kwamba baada ya yeye zamu itakuwa yangu. Walipofika kumi na nane nilikuwa nimechora duara ambalo lingefunika tundu mara mbili. Rika langu hakulia. Nilitamani alie, ili nisizisikie zile namba. Nikaanza kukata, na msumeno ukanisaidia kidogo kwa kelele zake.

Kibao kilipobanwa kilikuwa sinia hasa. Nilisubiri mzungu aseme. Alikitazama, akasema ni heri kikubwa, kwa tundu la namna ile. Fundi wa Tanga alifungulia maji, akazungusha swichi, na taa ikawaka mchana kweupe. Watumishi wote walikuja kuishangaa. Mimi nilipita jikoni, nikatupa kile kibao kidogo motoni pamoja na ukanda. Ngozi ilinuka, na mpishi akauliza nani anaunguza nyama yake. Nikamwambia sijui.

Sikwenda kumwona rika langu. Nilikuwa nikipita njia ya mbali makusudi, na nikisikia anatajwa natafuta la kufanya. Hofu ya kiboko ilikwisha siku ile ile, ikaja nyingine mbaya zaidi: kwamba atakaa, atafikiri, ataelewa. Alikuwa mwashi mzuri, alijua alichokitoboa. Kila mbwa wetu alipobweka nilijua ni yeye amekuja na ndugu zake.

Alikuja baada ya mwezi mmoja hivi, peke yake, anatembea amepanua miguu kidogo. Alishika kibuyu cha loshoro, ule uji wetu wa mahindi na maziwa ya mgando, akasema kimetoka kwa mkewe. Nilimkaribisha kigoda. Akasema atasimama.

Kisha akasema neno lililomleta. "Nimeambiwa ulitengeneza kibao kikubwa, ukalifunika lile tundu langu lote. Ungekiacha kile cha kwanza, mzungu angeliona kila siku na kila siku angenikumbuka. Umenisitiri, rika langu. Nashukuru."

Akaniambia kwamba siku hizi akitoboa ukuta anapima mara tatu, kwa kuwa mkono wake hauamini tena. Alisema hivyo kwa utulivu, huku anaitazama mikono yake.

Nilikuwa nayo yale maneno mawili matatu, yale yale, mdomoni. Hapakuwa na mzungu pale, wala mnyapara, wala kiboko nyuma ya mlango. Nikamwambia si kitu, ndiyo kazi. Nikapokea kibuyu kwa mikono miwili, nikanywa mbele yake mpaka kikaisha.