Picha Moja ya Mzee Sifuna

Nabwile ni binti wa dada yangu. Urefu aliutoa kwangu, na macho makali pia, lakini kunyamaza sijui alikutoa wapi. Siku za kazi anauza mbegu za mahindi katika duka moja hapa Kitale. Jumamosi anashuka Bungoma na kamera ya zamani ya filamu, kitu kidogo cha plastiki kinachoingia mfukoni mwa sweta. Aliikuta kwenye mitumba, ndani ya mkoba ambao hata muuzaji hakuwa ameufungua.

Nilimcheka. “Kila mtu ana simu, wewe unabeba kitu cha marehemu nani?”

“Simu inapiga mia na huangalii hata moja, khocha,” akanijibu. Khocha kwetu ni mjomba. “Hii ina thelathini na sita tu. Lazima nimwangalie mtu kwanza.”

Na anaangalia kweli. Watu wetu ukiwaelekezea kamera wanasimama wima, mikono chini, ungedhani wimbo wa taifa umeanza. Nabwile hapigi hapo. Anauliza bei ya viazi, anashika kamba ya gunia, mpaka mtu anachoka kusimama anarudi kwa kazi yake. Ndipo unasikia tik. Filamu inaenda kuoshwa Nairobi, na baada ya mwezi anakuletea picha yako mkononi. Mama mmoja alihamia Kabuchai, akamfuata huko huko.

Aliyemshinda ni Mzee Sifuna, fundi wa viatu karibu na soko la Bungoma. Miaka miwili alikataa.

“Nyinyi watu wa kamela nawajua,” alimwambia. “Mmoja alinipiga na mke wangu tukitoka kanisani. Ati tungoje wiki moja. Mama amekufa akiiuliza hiyo picha.”

Nabwile hakubishana. Alimpelekea viatu vya kushona, hata changu ambacho hakikuwa kimepasuka. Siku nyingine aliacha kamera nyumbani akaenda kumsalimia tu. Mwaka huu, mwezi wa pili, mzee akasema bila kuinua kichwa, “Piga moja. Moja tu. Na usiponiletea, usipite hapa tena.”

Jioni hiyo nilivaa koti langu la harusi, nikamwambia anipige mbili mlangoni, maana sura kama hii isipotee bure. Akapiga, akaenda kunywesha ng'ombe. Kamera ikabaki mezani. Sasa mimi nimetengeneza redio, nimetengeneza spika za kanisa, mashine hainitishi. Nikataka kuona nilivyotokea. Nikabonyeza hapa, nikavuta pale, mgongo wa kamera ukafunguka. Ndani kulikuwa na ukanda wa kahawia, hauna mtu.

Nabwile akaingia. Akaifunga polepole, akakaa. Heri angenitukana.

“Si nilikuwa naangalia tu?”

“Filamu ikiona mwanga inaungua, khocha.”

“Na Mzee Sifuna?”

Akageuza kamera akaangalia kidirisha cha namba, akaangalia tena. “Hii inahesabu ikirudi nyuma. Ukiweka filamu, inaivuta yote nje kwanza. Halafu kila picha ukipiga, inaingia ndani ya kopo lake. Zilizoungua ni zile bado hazijapigwa. Na pengine za mwisho.”

“Pengine?”

“Tutajua zikioshwa.”

Wiki tatu, bana, ugali haukuwa na ladha. Kanisani niliombea filamu, na sidhani Mungu alikuwa amezoea ombi hilo. Picha zikaja. Mbili za mwisho zilikuwa nyeupe kama unga: mimi na koti langu, kwisha. Lakini Mzee Sifuna alikuwepo, uzi kwenye meno, anacheka na kiatu. Nabwile aliishika hiyo picha kama yai. Mimi nimesoma hadi darasa la saba, na bado sijaona mwenye digrii anayefanya kazi namna hiyo.

Nilimsindikiza Bungoma, nibebe lawama kama ipo. Mzee akafuta mikono kwenye aproni, akaipokea, akaangalia mpaka wateja wawili wakaondoka. Akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kisha akamgeukia fundi mwenzake wa kibanda cha pili.

“Wekoye, osha uso uje. Binti yangu atakupiga.”

“Asioshe,” Nabwile akasema. “Akae hivyo hivyo.”