Maji ya Kwanza

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo aliloshona yeye halikufumuka hata nguo ikichakaa. Ndivyo alivyokuwa katika kila kitu, na zaidi kwenye tangi lake la maji ya mvua. Bomba la mtaa lilikauka tangu kiangazi kianze, na nyanya zake nyuma ya nyumba, zilizojaa maua, ziliishi kwa kile kilichobaki tangini. Koki haikuguswa na mtu. Hata mumewe, dereva mstaafu, alikatazwa mpaka akazoea.

Siku hiyo wingu lilimkuta kibandani kwake pa kushonea, mguu kwenye cherehani. Jana tu fundi alipaka bati la paa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na rangi mbichi ikiingia tangini, nyanya ndiyo basi tena. Akampigia mumewe simu.

"Baba, mvua hiyo inakuja. Mwaga maji ya kwanza, usizembee."

"Maji ya kwanza. Nimekuelewa, mama."

Hakutulia. Mbona amekubali upesi hivyo? Mtu huyu hubishana hata na saa ya ukutani. Akaacha gauni la mteja sindanoni, akatoka mbio kwenda nyumbani, viatu mkononi, matone mazito yakimpiga usoni.

Alimkuta mumewe ameinama kando ya tangi, koki wazi, maji yakiishia mtaroni. Juu yake bomba la paani lilimimina maji mekundu humo humo tangini.

"Unafanya nini?"

"Si ulisema maji ya kwanza? Haya ndiyo yaliyotangulia. Nikajua unataka nafasi ya mapya."

Kwa Mama Pindo, maji ya kwanza yalikuwa yale yanayoosha paa. Miaka yote aliyageuza pembeni kwa mkono wake, bila kumweleza mtu. Hasira ilimpanda, kisha aibu. Akalivuta bomba nje ya tangi. Mumewe akalishika, maji mekundu yakimchirizika miguuni, wote wawili wakiyakodolea macho mpaka yakaanza kutakata.

"Funga koki. Sasa geuza bomba, lirudishe tangini," Mama Pindo akamwambia.

Akageuza. Bomba likakohoa, likadondosha tone moja moja, likanyamaza. Mvua ilikuwa ya kulaza vumbi tu.

Mama Pindo akamshika mumewe mkono, akauweka kwenye koki. "Njoo nikuonyeshe tangu mwanzo," akasema.

"Tangi likiwa tupu ndiyo unanifundisha?"

Mama Pindo alikuwa akitazama maua ya nyanya.