Nyama ya Katikati ya Sinia

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mkono wangu huenda wenyewe kupapasa mfuko wa suruali. Nakuona siku hizi unaipiga picha sahani ya ugali, kisha unaiuliza simu umekula wanga kiasi gani na protini imebaki ngapi. Wenzako wanakucheka. Mimi sikucheki. Hesabu hiyo niliifanya kabla hujazaliwa, bila simu, na nusura inikoseshe mke.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoachiwa ziingie nchini. Sisi tuliopanga foleni ya sukari mpaka miguu ikaota mizizi, ghafla tukaona maduka ya Majengo, hapa Dodoma, yamefurika: siagi ya kopo, mchele wa ng'ambo, biskuti za kila rangi. Nikala kama mtu anayelipiza kisasi. Mchana nilichomelea vitanda vya chuma kwenye karakana moja pale Kizota, jioni nilikaa darasani na watu wazima wenzangu, na katikati ya hayo mawili nilitafuna. Nilinenepa, mwanangu, hata tumbo langu likawa linafika kazini robo saa kabla yangu.

Daktari wa zahanati alinipima presha akatikisa kichwa. "Kijana," akasema, "moyo wako unabeba watu wawili." Hapo sikucheka. Baba yangu alianguka kwa presha hiyohiyo, akatuacha tungali wadogo.

Basi mwalimu wetu wa biolojia alipofundisha kwamba mwili unataka wanga, protini na mafuta, kila kimoja na kipimo chake cha siku, na kwamba vyote kwa jumla visivuke kiasi fulani cha kalori, wenzangu walisinzia, mimi nikaona mlango wa kuponea. Nikabuni utaratibu. Asubuhi najaza mfuko wa kushoto punje za mahindi, ndizo wanga; wa kulia maharage, ndiyo protini; wa shati karanga, ndizo mafuta. Kila nikila kiasi cha kitu, nadondosha punje yake. Mifuko ikiisha, nafunga mdomo. Na nilipungua kweli! Fundi viatu alichoka kuutoboa mkanda wangu.

Wakati huo nilikuwa nimempenda Mwanaidi, binti wa Majengo, aliyelelewa na baba yake mkubwa, Mzee Shabani, mfanyabiashara wa nafaka. Posa ilikwishapelekwa, jibu likawa bado. Mzee akatuma neno: "Mleteni huyo kijana tule naye. Mtu humjui mpaka umekula naye."

Mshenga wangu, Saidi, aliponipitia alinikuta najaza mifuko.

"Wewe," akashangaa, "unakwenda kuposa au kupanda shamba?"

"Afya, Saidi."

"Haya. Usije ukaota tu ukiwa ukweni."

Tulipofika tukaamkia, tukanawa, tukaketi mkekani kulizunguka sinia moja: Mzee Shabani, ndugu wawili wa Mwanaidi, Saidi na mimi. Pilau, mwanangu, kilima cha pilau, hata mtu wa upande wa pili sikumwona kifua! Na kileleni, katikati, nyama.

Shida ni kwamba asubuhi nilikunywa chai kwa chapati, mchana nikala viazi karakanani. Mahindi yote yalikwisha. Mfuko wa maharage ulikuwa bado umevimba. Hesabu yangu ikasema wazi: wali usiuguse, nyama ndiyo haki yako. Nikaupeleka mkono kileleni. Nikatafuna, nikadondosha harage. Nikaupeleka tena. Wenzangu wanakula wali wa mbele yao polepole, mimi napanda na kushuka mlimani.

Saidi alinikanyaga mguu. Nikadhani mkeka ni mdogo.

Kaka mkubwa wa Mwanaidi akakohoa. "Shemeji," akasema, "huo mkono una leseni ya kuvuka mpaka?"

Ndipo nilipoona vidole vyote vimesimama. Mzee Shabani alikuwa akitazama kando ya goti langu, mahali maharage yalipojipanga kama watoto wa shule.

"Kijana, haya ni nini?"

Nikaeleza. Nilieleza wanga, nikaeleza protini, jasho likanitoka la kutosha kumwagilia mizabibu yote ya Dodoma. Ndugu za Mwanaidi walicheka mpaka wakashika mbavu. "Basi mahari nayo atoe kwa kalori!" akasema mdogo. Mzee hakucheka.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "nyama ya katikati haina mwenyewe mpaka mkubwa aigawe. Na inayobaki hurudi jikoni, kwa waliopika. Leo aliyepika ni Mwanaidi. Umekula chakula chake, naye hajaonja."

Ningeweza kuingia chini ya mkeka, ningeingia. Nilijiona tayari nimerudi Kizota bila mke, nikichomelea vitanda vya maharusi wa wenzangu.

"Lakini niambie," akaendelea, "unahesabu kwa nini? Unataka urembo?"

Nikamweleza habari za baba. Uso wake ukalainika.

"Anayeogopa kuwaacha wanawe mapema hajakosa. Hesabu yako shikilia. Ila mimi kutwa nzima napima mahindi ya watu, na jioni mizani naiacha dukani. Haijapata kuketi na sisi hapa. Ijumaa uje tena, na nyama utaigawa wewe."

Siku hizo za kungoja Ijumaa zilikuwa ndefu kuliko kiangazi cha huku kwetu. Nilikwenda mifuko mitupu. Nikaigawa nyama: ya kwanza kwa mzee, minofu mizuri nikaitenga irudi jikoni, mimi nikabaki na mfupa na wali kidogo wa upande wangu. Tulipomaliza, likatoka bakuli moja kutoka jikoni, likapita mbele ya watu wote, likatua mbele yangu. Maziwa ya mgando, yameondolewa siagi yote: protini bila mafuta.

"Mwanaidi anasema," akasema mzee, na safari hii alicheka yeye, "hesabu ya mgeni isipungue."

Hilo ndilo lilikuwa jibu la posa.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikuambii uache kuhesabu. Haba na haba hujaza kibaba, na mwili hujengwa na kubomolewa kwa matonge. Jua unachokula, kwa maana afya ikishaondoka haina foleni ya kuipanga ili irudi. Lakini mwili si duka linalofunga mahesabu magharibi. Protini ikipungua leo, kesho ni siku pia. Itazame wiki nzima, usilitazame tonge moja. Ukijua utaalikwa jioni, punguza mchana, uende na nafasi tumboni. Ukifika, kula upande wako, kidogo, kwa furaha, na kipimo chako kisipunguze cha mwenzako. Mwambie anayekupikia hofu yako mapema, maana anayekupenda atakuondolea siagi mwenyewe, bila kuombwa mara mbili. Na siku ukizidisha, usijichukie. Kujichukia hakujapata kupunguza kiuno cha mtu yeyote.

Mungu akupe moyo mwepesi na miguu ya kukufikisha uzeeni. Akujalie meno ya kutafunia, watu wa kula nao, na mkono unaojua kusimama kabla ya kufika katikati. Uwazike wazee wako, wanao wakuzike wewe, na kati ya hapo sinia lisikauke. Amina.