Nilimtafsiria Mama Mkwe kwa Mshauri wa Kwenye Kishikwambi, Nikafukuzwa Mimi

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana huku kwetu hata wanaojidai hawana bando wanasoma hapa. Nina miaka 34, mzaliwa wa Matambarale, Ruangwa, nimeolewa Nachingwea, kata ya Nambambo. Nina watoto wawili na sasa hivi siko nao. Nikiandika kwa hasira msinishangae.

Mama mkwe wangu ni mjane, na shamba la mikorosho ni lake, aliachiwa na mama yake. Mume wangu alitaka wafugaji waliohamia huku waingize ng'ombe wao humo. Mama akakataa, akasema watavunja miche yote. Mume wangu akampiga kwa mpini wa jembe. Mama yake mzazi, jamani! Mimi nilikuwa kisimani. Niliporudi nilimkuta mama kakaa chini jikoni, sikio linatoka damu, na mume wangu yuko nje anakula muhogo. Akaniambia, "Mama kaanguka." Sikubishana naye, nikamshika mama mkono tukaenda zahanati.

Zahanati yetu haina daktari, ila ina kishikwambi. Mtu aliyepigwa au kubakwa anaunganishwa nacho na daktari na mshauri walioko mjini, anaongea nao anawaona, hahangaiki kutafuta nauli. Ni kitu kizuri, sikilaumu. Shida ni kwamba Kiswahili cha mama ni cha sokoni, cha kusalimia na kuuliza bei, na muuguzi wetu ni mtu wa Mbeya, Kimwera chetu hakijui hata kidogo. Basi mkalimani nikawa mimi.

Mshauri, mwanamke mmoja mpole, akasema, "Muulize mama, nani kamfanyia hivi?" Mama akaniangalia usoni akajibu kwa Kimwera, bila kulia, kwamba ni mwanawe na si mara ya kwanza. Mwanawe huyo ndiye mume wangu! Ningeweza kusema kaanguka, na mle ndani hakuna ambaye angejua. Nikasema ukweli, neno kwa neno. Mshauri akauliza kama anataka polisi wajulishwe. Mama akasema, "Waambie ndiyo, nimechoka." Nikawaambia ndiyo.

Mume wangu alipochukuliwa na polisi ndipo nilipowajua watu. Mjomba wake, kaka wa tumbo moja na mama mkwe, ambaye kwa mila zetu ndiye mlinzi wa dada yake, alikuja amefura. "Nani atapulizia mikorosho dawa msimu huu?" akaniuliza. "Wewe mwanamke wa Ruangwa?" Wakamkalisha mama, wakamsema kutwa nzima kana kwamba yeye ndiye aliyeshika mpini. Askari alipokuja kuchukua maelezo, ukoo wote umekaa pale mkekani, mama akajibu kwa Kiswahili chake hicho hicho, "Mimi nimeanguka. Huyu mkamwana kasema ya kwake."

Wala hakunitazama. Askari alinitazama kama mwizi wa kuku. Mume wangu akaachiwa, akarudi nyumbani anacheka, akanitupia nguo zangu uani. Kwetu watoto ni wa upande wa mama, kila mtu analijua hilo, lakini siku hiyo mjomba alisahau mila zote. Mume wangu akasema, "Watoto wanabaki. Ukifungua tena huo mdomo wako, utawaona kwenye picha." Mama mkwe alikuwa hapo hapo anapepeta mahindi, na hakuacha kupepeta. Mimi niliyemuosha damu! Niliondoka nikisema moyoni, apigwe tena aone. Ndiyo, nilisema hivyo, na nilimaanisha.

Kapigwa tena. Jana muuguzi kanipigia huku kwetu Matambarale. "Dada, mama mkwe wako kaletwa na majirani, mkono umevunjika. Nimemtafutia mkalimani mwingine kageukia ukutani. Anakutaja wewe tu." Nikamwambia ampe simu.

Mama akasema kwa Kimwera, "Mwanangu, njoo uwaambie."

"Niwaambie nini, mama?"

"Yale yale."

"Na ukoo ukikaa, nawe ukaulizwa mbele ya mwanao, utasemaje?"

Akasema taratibu, "Yule nimemzaa mimi."

Muuguzi anasema wataunganishwa na mshauri keshokutwa, na anataka jibu langu. Nikienda, watoto wangu ndio basi tena, na huyu mama atanikana mbele za watu kama alivyonikana mwanzo. Nisipoenda, atarudishwa kwenye nyumba ile ile na mkono wake mmoja, na siku akizikwa wataniambia kaanguka. Dada yangu anasema nizime simu. Paroko kaniambia nisali, na nimesali hadi magoti yanauma, kwa hiyo ninyi msinirudishie hilo. Nishaurini kama watu wenye mama na wenye watoto: niende nikaseme, au nimwache?